Nywele zinaisha, utosi unawaka, na mume hajui

Swali: Daktari, nina miaka 36, ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro, nimeolewa na nina watoto wawili. Nywele za mbele zilianza kuisha baada ya kujifungua mtoto wa pili. Nikawa nafunika kwa rasta, baadaye wigi la gundi. Sasa utosini napo pamekuwa pepesi, panawaka na kuwasha. Ni zaidi ya mwaka mume wangu hajaona kichwa changu kikiwa wazi, nalala na kilemba. Sikwenda sendofu ya mdogo wangu kwa sababu wote tungesukwa pamoja nyumbani kwa mama. Mama anasema ni nywele tu, nishukuru uzima. Rafiki yangu anasema kuna mtu alichukua nywele zangu saluni. Binti yangu wa miaka 8 naye anatoka vipele mbele ya kichwa kila akisukwa. Naomba kujua: ni ujinga kulia kwa sababu ya nywele? Na zitarudi?

Jibu: Dada yangu, nitaanza na swali lako la mwisho, maana ndilo lenye haraka.

Kwa maelezo yako, kichwani kwako huenda kuna mambo mawili tofauti. Nywele za mbele na za juu ya masikio, kwa mtu aliyesuka rasta na kubandika wigi kwa muda mrefu, mara nyingi huwa zimeisha kwa kuvutwa. Hili ni tatizo la wengi kuliko unavyodhani. Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta karibu mwanamke mmoja kati ya watatu analo. Jitazame kwenye kioo penye mwanga. Ukiona mstari wa malaika wembamba umebaki mbele kabisa, na nyuma yake pako wazi, hiyo ni alama yake. Ukiacha kuvuta mapema, nywele hurudi. Ukiendelea kwa miaka, mashina hufa, ngozi inabaki laini na kung'aa, na hapo dawa ya kupaka haina la kufanya.

Utosi ni habari nyingine. Upungufu unaoanzia utosini na kutanuka taratibu, huku panawaka, panawasha au panauma ukigusa, kwa mwanamke mwenye nywele za aina yetu hunifanya nifikirie ugonjwa unaoacha kovu. Ngozi inavimba kwa ndani, shina la nywele linaharibika, mahali pake panaziba. Penye kovu hapaoti tena. Tunachoweza ni kuusimamisha ugonjwa usisogee, na mashina yaliyodhoofika lakini hayajafa yapate nafuu. Kwa hiyo jibu la "zitarudi?" ni hili: za mbele huenda nyingi zikarudi, za utosini itategemea utafika hospitali lini. Usisubiri likizo ya Desemba. Ulizia kliniki ya ngozi kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, na uende mwezi huu.

Sasa kulia.

Si ujinga, na wala hulii peke yako. Tafiti za wanawake wanaopoteza nywele zinaonyesha wasiwasi na sonona viko juu kwao kuliko kwa wengine, na zinarudia jambo moja ambalo hata mimi naliona kila kliniki: ukubwa wa huzuni haulingani na ukubwa wa upara. Anakuja mama aliyebakiwa na nywele za kisogoni tu, anacheka na manesi. Anakuja binti mwenye baka moja la ukubwa wa sarafu, ameacha chuo. Kwa hiyo mtu akikuambia "mbona hazionekani kupungua sana," ameangalia kitu kisicho kipimo.

Tufikirie pamoja kwa nini inauma hivi, kwa sababu wewe na mimi tulishawahi kuwa na upara. Tulisoma shule za serikali tukiwa tumenyolewa, tangu darasa la kwanza hadi kidato cha nne. Tuliruka kamba, tulipendeza, tulipata wachumba wa barua. Mwanamke anaweza kabisa kuishi bila nywele. Lakini upara ule ulikuwa wa wote, ulikuwa na tarehe ya mwisho, na hakuna aliyekuuliza umekuwaje. Siku mtihani wa mwisho ulipoisha uliacha kunyoa, na zile nywele za kwanza ulizozisuka mwenyewe ndizo zilizokutoa usichana wa sare. Leo zinaondoka bila wewe kuamua na bila tarehe. Kinachouma hapo ni kunyang'anywa uamuzi, na huo ni msiba kama misiba mingine, wenye hasira zake, wenye siku zake nzuri na siku zake mbaya.

Halafu kwetu kichwa cha mwanamke husomwa. Katika makabila kadhaa mfiwa hunyolewa, kwa hiyo ukionekana umenyoa mtu wa kwanza atakuuliza umefiwa na nani. Sisi tuliokua miaka ya 1990 tunakumbuka nywele zikiwa nyepesi na laini ghafla watu walivyokonyezana, maana kweli virusi vya UKIMWI visipotibiwa huweza kubadilisha nywele hivyo, na mtaa ukaifanya kanuni ya kumhukumu kila mtu. Wewe huogopi kioo tu. Unaogopa maelezo utakayodaiwa sokoni, stafu, kanisani au msikitini. Mama yako anaposema ni nywele tu, anasema kwa mapenzi, na nakuomba usigombane naye. Lakini mtaa ambao utakuuliza umefiwa hauamini kwamba ni nywele tu, na wewe unaishi mtaani.

Wenye ushungi msidhani nimewasahau. Nje hakuna anayejua, kweli, lakini ndani kwa mume, na kwenye kicheni pati ya wanawake watupu ambako wote hufunua vichwa, mzigo ni uleule. Na hata pale Ocean Road, hospitali ya saratani Dar, wapo wanawake wanaopokea habari ya saratani kwa macho makavu, halafu wanaangua kilio wiki 2 au 3 baada ya dozi ya kwanza, asubuhi wanapokuta nywele kwenye mto. Kuwaambia "bora uzima" hakujawahi kumkausha mtu machozi.

Wala si suala la unyonge. Ayanna Pressley ni mbunge wa Marekani, mwanamke mwenye sauti, aliyejulikana kwa nywele zake za kusokota. Mwishoni mwa mwaka 2019 maradhi ya kinga ya mwili kushambulia nywele yalimmaliza kichwa chote, na unywele wa mwisho ulitoka usiku wa kuamkia kura ya kumshtaki Rais Trump. Alivaa wigi, akaenda, akapiga kura, kisha akaenda kujificha chooni. Alisimulia haya mwenyewe kwenye video Januari 2020, akiwa kichwa wazi. Sikupi mfano huu ili nawe urekodi video. Nakupa ili ujue kwamba hata mwenye kiti bungeni alikimbilia mlango wenye komeo.

Kuhusu rafiki yako na nywele zilizochukuliwa saluni. Sitakucheka, maana nimekulia kwenye nyumba ambayo nywele zilizochanwa zilichomwa moto zisiachwe kwenye dampo. Ila angalia imani hii inakufanyia nini. Inakugeuzia ugonjwa kuwa adui mwenye jina. Unaanza kumshuku msusi, jirani, wifi, na mtu mwenye huzuni akishakosa wa kumwamini, huzuni inanona. Na miezi unayozunguka kutafuta aliyekuloga ndiyo miezi ambayo kovu linasogea.

Nami nisikuache ujilaumu mwenyewe, kwa sababu lawama ikitoka kwa mchawi huwa inahamia hapo: "ningeacha rasta, nisingetumia dawa ya kulainisha." Mwaka 1968 madaktari wa Marekani waliuelezea ugonjwa huu wa utosini kwa wanawake weusi na wakaubebesha kitana cha moto. Kwa miaka mingi mgonjwa akiingia aliulizwa anachomea nini nywele. Kisha ikaonekana wapo wanaougua ambao hawajawahi kushika kitana hicho, na mama na binti wakiugua pamoja. Mwaka 2019 watafiti walitangaza kwamba baadhi ya wagonjwa wana hitilafu kwenye jeni iitwayo PADI3, inayohusika na kuujenga unywele. Kuvuta na kuchoma vinaweza kuongeza madhara, hilo silikatai. Lakini ulisuka kama wenzako wote walivyosuka, na wenzako wengi utosi wao uko salama.

Hata kujifungua kulichangia. Miezi 2 hadi 4 baada ya uzazi nywele hupukutika kwa wingi, kama zinavyofanya baada ya malaria kali au taifodi, na kwa kawaida ndani ya mwaka zinajaza zenyewe. Nadhani wakati huo ndipo ulipopata hofu, ukafunika kwa rasta, na rasta ikavuta nywele ambazo zilikuwa njiani kurudi.

Hapo ndipo ninapotaka tukae, dada yangu. Kinachokumaliza zaidi, nikisoma barua yako, ni kazi ya kuficha.

Chumbani kwangu mgonjwa wa nywele namjua kabla hajasema. Anaangalia dirisha, anauliza kama mlango una funguo. Anakaa na mkono mmoja juu ya paji. Nikimwomba avue wigi anasema "ngoja," anatoa kitambaa kwenye pochi, anakitandaza mapajani, anaanza kubandua gundi kwa ukucha kutokea sikio la kushoto, taratibu, na mara nyingi machozi yanatangulia wigi. Kisha anasema "samahani." Mtu mwenye jipu hajawahi kuniomba samahani.

Hesabu mwenyewe unachofanya kwa siku. Unaamka kabla ya mume. Hupandi bodaboda kwa sababu kofia ngumu inanasa wigi. Mvua ikianza unatafuta paa kabla ya mwavuli. Mtoto wa darasa la pili akikukumbatia unakaza shingo. Unakataa sendofu. Hiyo ni ajira ya pili isiyo na mshahara, na ndiko kufa na tai shingoni. Tena kuficha kwenyewe kunaharibu: gundi inang'oa malaika waliobaki, ukanda wa wigi unasugua palepale panapovutwa, rasta nzito inaning'inia kwenye nywele dhaifu, na kilemba kilichokazwa usiku kucha nacho ni mvuto. Kadiri unavyoficha zinapungua, na zikipungua unaficha zaidi. Ukitoka kwenye mzunguko huo hata kwa mtu mmoja tu, mwili na moyo vyote vinapumua.

Mtu huyo anaweza kuwa mumeo. Waume wanaokuja kliniki na wake zao wengi huniambia walishahisi kuna kitu. Gundi inabaki kwenye foronya, wanaiona. Wasichojua ni sababu. Mke akikataa kuguswa kichwa, akazima taa mapema, akalala na kilemba kilichokazwa, mume hutafsiri kwa lugha anayoijua: amenikasirikia, amenichoka, kuna mtu. Kimya chako hakimlindi, kinampa hadithi mbaya kuliko ya kweli.

Usimwambie kitandani wala katikati ya ugomvi. Chagua jioni watoto wamelala, taa ikiwaka. Maneno yasiwe mengi: "Baba fulani, kuna kitu nimekuficha. Hakikuhusu kwa ubaya, ni kichwa changu kinaumwa. Nitakuonyesha. Leo sitaki ushauri, nataka ujue." Kisha vua. Atakosea kusema, jiandae. Wengine hukimbilia "kwangu wewe ni mzuri tu," wengine hukurupuka na "nitakununulia mafuta." Mpe siku chache. Ila kama mumeo ni mtu wa kejeli, au mkono wake ni mwepesi, usianze naye. Anza na mdogo wako. Huyo unamdai maelezo hata hivyo, kwani hadi leo huenda anaamini hukuifurahia ndoa yake.

Kulia nimekuruhusu, lakini kuna mstari. Ikiwa kwa wiki 2 au zaidi, karibu kila siku, huna hamu na lolote, usingizi umepotea au umezidi, chakula hakipiti, darasani umeshindwa kufundisha, au umeanza kuona ni afadhali usingekuwepo, hiyo ni sonona, nayo inatibika kwa ushauri nasaha na dawa. Mwambie daktari wa ngozi siku hiyohiyo, akuandikie kwenda kitengo cha afya ya akili. Na wazo la kujidhuru likija, usisubiri miadi: mwambie mtu aliye karibu nawe na mwende hospitali usiku huohuo. Usijikaze kisabuni.

Ukienda kliniki ya ngozi, nenda umefumua, umeosha kichwa, bila mafuta. Najua nakuomba jambo gumu. Funga mtandio, vua ukiwa ndani. Beba picha zako za zamani kwenye simu. Daktari atauliza hedhi, uzazi, dawa unazotumia, nani mwingine kwenu ana upara, atavutavuta nywele kidogo aone zinazotoka. Huenda akaagiza vipimo vya wingi wa damu, madini ya chuma, tezi ya thairoidi, kaswende na VVU. Usiogope orodha hiyo, ni ya kila mtu. Kwa utosi anaweza kutaka kukata kipande cha ngozi cha milimita 4 baada ya ganzi, kwa sababu lupasi (kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe) na magonjwa mengine nayo huacha kovu na tiba zake zinatofautiana. Wataalamu waliofundishwa kituo cha ngozi cha KCMC, Moshi, wamesambaa mikoani, kwa hiyo huenda usihitaji kusafiri hadi Dar.

Ikithibitika ni kovu, tiba ya kawaida ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ya kupaka au ya sindano ndogo ndogo kichwani kila baada ya wiki kadhaa, pamoja na vidonge vya antibiotiki iitwayo doksisaiklini kwa miezi. Minoksidili, dawa ya kusaidia nywele kuota, inaweza kuongezwa. Hiyo wiki za kwanza hupukutisha kidogo, watu wanashtuka na kuitupa. Ipe miezi 6, na usiitumie kama una mimba au unanyonyesha kabla ya kuuliza. Nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi, hakuna chupa inayokimbia kuliko hapo. Juisi ya kitunguu inayotembea kwenye simu ina utafiti mmoja mdogo wa Iraq wa mwaka 2002, tena wa wenye mabaka ya duara, si wa tatizo lako. Kwenye utosi unaowaka itakuunguza tu. Mafuta ya nyonyo yanang'arisha nywele ulizonazo, hayafufui shina lililokufa. Na mchanganyiko wowote usio na lebo unaouzwa kwa "matokeo siku 14", achana nao.

Wigi sikukatazi. Likikupeleka kazini bila kutetemeka, livae, lakini lisilo na gundi, juu ya kofia laini ya satini, na livue ukifika nyumbani. Wapo waliochagua kunyoa kabisa na wakapata raha waliyokuwa hawaitarajii. Wapo waliojaribu wakarudi kwenye wigi. Yote sawa, mradi umeamua wewe.

Kuhusu binti yako, hivyo vipele vya mbele ni mashina yanayolalamika. Mfumue leo, usingoje Jumamosi. Msusi aambiwe kabla hajashika kitana: mabutu makubwa yaliyolegea, asianze kwenye malaika, asiongeze rasta, na asitiwe dawa ya kulainisha, kwa sababu kusuka kwa kuvuta juu ya nywele zenye dawa ndiko kunakoharibu zaidi. Mtoto akilia anasukwa, au akihitaji Panadoli alale, mtindo huo umekaza kupita kiasi na unafumuliwa hata kama umeshalipiwa. Vipele visipokauka ndani ya wiki, au ukiona usaha au magamba yenye nywele zilizokatika, mbebe muende naye siku ya miadi yako. Huenda ni mapunye, na hayo yana vidonge vyake.